Mlazo na Upande wa Mlango: Herufi Nzito Katika Njia ya Shumaisi

Msafiri atokaye Jeddah kwenda Makka hupita Shumaisi kabla ya kuingia katika mipaka ya Haram, na hapo barabara humsemesha kwa maandishi. Mabango yaliyo juu ya njia huwaelekeza Waislamu upande mmoja na wasio Waislamu upande mwingine, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Herufi za Kilatini katika mabango hayo ni nene. Hazina vikia, yaani vile vijistari vidogo vinavyoota kwenye ncha za herufi za vitabuni. Na zimesimama wima. Dereva ana sekunde chache za kusoma na kuchagua. Neno linalomwambia nani apite na nani ageuke halikulazwa hata kidogo, na aliyeliacha wima alifanya uamuzi wa busara, hata kama hakuutafakari.

Herufi hiyo ya barabarani ina ndugu yake. Naye ni nene, hana vikia, lakini ameinama upande wa kulia kama mtu anayetembea dhidi ya upepo. Kila tarakilishi humtoa kwa kubonyeza vitufe viwili, na ndiyo sababu anaonekana kila mahali: katika matangazo ya maduka, katika tasnifu, katika vitabu vya Hija, katika tahadhari zilizobandikwa ukutani, na katika aya za waandishi ambao hawakuamini kwamba sentensi zao zingesikika bila yeye. Kwa ufupi ataitwa hapa mlazo mzito. Kuhusu umbo lake wachoraji wa herufi wameandika mengi. Kuhusu kazi yake katika Kiswahili, lugha iliyoandikwa kwa hati mbili zinazokwenda pande mbili, yaliyosemwa ni machache, na Shumaisi ni mahali pafaapo kuyaanzia.

Mahali hapa pana kumbukumbu ya ugomvi wa maandishi. Shumaisi ya njia ya Makka ndiyo Hudaibiya ya kale. Mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628 Miladia, Mtume Muhammad na masahaba wake walizuiwa hapo wasiingie Makka kufanya Umra, na Suhail bin Amr akaja kuandikiana mkataba kwa niaba ya Makureshi. Mwandishi alikuwa Ali bin Abi Talib. Suhail aliikataa basmala kama ilivyoandikwa, akataka maneno waliyoyazoea Makureshi. Kisha akalikataa neno la utume, akataka jina la Muhammad lifuatwe na jina la baba yake tu. Ali hakutaka kulifuta neno lile kwa mkono wake, na Mtume mwenyewe ndiye aliyelifuta. Ugomvi wote ulikuwa juu ya maneno yaliyomo na yasiyomo. Hati ile haikuwa na herufi kubwa, wala nene, wala za mlazo. Uzito wake wote ulikuwa ndani ya maneno, na aliyetaka kuupunguza hakuwa na njia ila kufuta.

Zana za kupandisha sauti bila kubadili maneno zilikuja baadaye sana, tena kutoka mahali tofauti. Mlazo ulitoka Venice, ambako Aldus Manutius alichapa kazi za Virgil mwaka 1501 kwa herufi zilizochongwa na Francesco Griffo zikifuata mwandiko wa haraka wa wasomi wa Italia. Mwanzoni mlazo haukuwa alama ya msisitizo. Kitabu kizima kiliweza kuchapwa kwao, nao ulipendwa kwa sababu ulikuwa mwembamba na ulibana nafasi. Herufi zisizo na vikia zilionekana katika orodha ya William Caslon wa Nne huko London mwaka 1816, herufi kubwa tupu, za kutumiwa katika vichwa na mabango. Unene kama mwenza wa maandishi ya kawaida ulipata nguvu kwa Clarendon ya mwaka 1845, herufi ambayo watengenezaji wa kamusi waliipokea kwa furaha kwa kuwa iliruhusu kidahizo kujitokeza katikati ya safu. Mlazo mzito usio na vikia ni mtoto wa hao watatu: wa mwandiko wa mkono, wa bango la mtaani na wa kamusi. Tabia zao hazipatani sana. Mlazo unataka wepesi, bango linataka wingi wa wino, na kamusi inataka nidhamu. Kila anayeichora herufi hii hana budi kuamua nani kati ya wazee hao atatii.

Wachoraji wa karne ya ishirini walijibu kwa njia mbili kuu. Katika Gill Sans, iliyotolewa na Monotype mwaka 1928, Eric Gill alikumbuka mkono: herufi za mlazo si zile zile zilizosukumwa, kwani a hubadilika kutoka umbo la ghorofa mbili hadi la ghorofa moja, na p huanza kwa kijimstari kama cha kalamu. Adrian Frutiger, katika Univers ya mwaka 1957, alifuata mfumo. Kila mtindo ulipewa namba badala ya jina. Tarakimu ya kwanza ikaonyesha uzito, ya pili upana na mkao. 55 ni ya kawaida, 65 ni nene, 66 ni nene ya mlazo. Hapa a inabaki na ghorofa zake mbili, na herufi zote huinama pamoja kama jamaa waliopigwa na upepo mmoja. Hata hivyo kuinamisha si kusukuma tu. O nene ikisukumwa kwa mashine huvimba kwenye pembe mbili zinazokabiliana na kukonda kwenye mbili nyingine, mpaka ionekane kama yai lililokanyagwa. Mchoraji mzuri huirudishia umbo kwa mkono, herufi baada ya herufi. Tarakilishi isiyopewa mlazo wa kweli husukuma tu, na sehemu kubwa ya mlazo mzito unaoonekana kwenye vibandiko vya madirishani imetoka huko.

Suala la ghorofa za a linaweza kuonekana la mafundi peke yao, lakini kwa Kiswahili ndilo la kwanza. Maneno ya Kiswahili, kasoro machache, huishia kwa vokali, na a ndiyo inayojaza mistari kuliko herufi nyingine yoyote. Mchoraji wa London au Zürich alipima kazi yake kwa maneno ya Kiingereza au Kijerumani, ambamo e hutawala na konsonanti hurundikana. Maneno ya Kiswahili yakipita katika kipimo hicho hicho, udhaifu uliokuwa umefichika hujitokeza. A ya ghorofa moja, ikinenepeshwa na kulazwa, hufungika tundu lake na kukaribiana na o. Hapo chama na choma, bara na bora, kasa na kosa hutenganishwa na kijimstari kimoja upande wa kulia, na kijimstari hicho kwa mbali hakionekani. Futura, ambayo a yake ni ya ghorofa moja hata ikisimama wima, ndiyo ya hatari zaidi. Gill ni mzuri wa sura, lakini katika mlazo wake a imeshapoteza ghorofa. Kwa lugha hii Frutiger alijenga salama zaidi, ingawa hakuijengea.

Herufi zenye mikono ya mshazari nazo zina taabu yake. V iliyolazwa mkono wake mmoja hukaribia kusimama na wa pili hukaribia kulala. W huyafanya hayo mara mbili. Sasa Kiswahili hufunga sentensi zake kwa wa, ya, za, vya na kwa, vijineno vinavyojitokeza kila baada ya hatua chache. Katika herufi nyembamba iliyo wima vinapita bila kuonekana, kama inavyopasa. Katika mlazo mzito kila kwa huwa doa jeusi, na jicho huvutwa kwenye viunganishi badala ya majina. Kuna pia ile alama ya juu katika ng'ombe na ng'oa, ambayo katika herufi hizi huwa kabari iliyoinama sambamba na shingo ya g, ikaonekana kama uchafu wa chapa. Na kuna Ilala. Jina la wilaya hiyo ya Dar es Salaam huanza kwa I kubwa ikifuatwa na l ndogo, na katika fonti nyingi zisizo na vikia hizo ni nguzo mbili zisizotofautiana ila labda kwa urefu wa unywele. Kulaza hakusaidii, huinamisha utata pamoja na nguzo. Katika Gill Sans hata tarakimu 1 ni nguzo ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo anayetaka kuandika Ilala 1 atafute fonti nyingine.

Kinachofuata ni mwelekeo, na hapa hati ya Kiarabu inaingia shaurini. Kiswahili kiliandikwa kwa karne kadhaa kwa hati isiyo na herufi kubwa wala mlazo. Waandishi wa Lamu na Pate walipotaka jambo lionekane walikuwa na wino mwekundu, mstari juu ya neno, mwandiko mpana wa kichwa, na kuvuta kiungo cha herufi hadi neno lichukue upana wa mstari. Muhammad Kijuma, mwandishi na mchonga milango wa Lamu, alijua kuupamba ukurasa bila kuinamisha chochote. Mlazo wa Kilatini huinama kulia kwa kuwa mkono unakwenda kulia. Ukitaka ulinganifu, Kiarabu kingeinama kushoto, na ndivyo ilivyojaribiwa nchini Iran katika miaka ya 1950, Gholamhossein Mosahab alipobuni herufi za kuinamia kushoto. Lakini tarakilishi nyingi zikibonyezwa kitufe cha mlazo huinamisha hati zote kulia. Neno la Kiarabu hapo huonekana likianguka kinyumenyume, kama mtu aliyevutwa kanzu kwa nyuma. Mlazo, basi, si kipaji cha maandishi yote duniani. Ni kumbukumbu ya mkono fulani uliokuwa ukielekea upande fulani.

Jambo hili laonekana wazi zaidi ubavuni mwa basi. Mtu akisimama upande wa kulia wa basi na kulitazama, kichwa cha basi kiko kulia kwake. Jina la Kilatini lililolazwa litainamia mbele, kule basi liendako. Akizunguka akasimama upande wa kushoto, kichwa cha basi kiko kushoto, na jina lile lile litainamia nyuma, kama linalokataa safari. Kwa herufi za Kiarabu zinazosomwa kuelekea kushoto mambo hugeuka. Katika Saudia magari huenda upande wa kulia wa barabara na mlango wa abiria uko kulia. Hujaji anayepanda gari Jeddah huona jina la Kilatini likimtangulia Makka, na jina la Kiarabu likisomeka kurudi nyuma. Tanzania, Kenya na Uganda magari huenda kushoto na mlango uko kushoto. Anayepanda daladala huona maandishi yaliyolazwa yakiinamia kule anakotoka. Upande mzuri wa mchoro umeelekezwa kwenye magari yanayolipita. Fundi wa rangi mwenye mkono wake mwenyewe anaweza kuinamisha kushoto upande wa kushoto, na jambo hilo kwake ni dakika chache za fikra. Kibandiko kilichokatwa kwa mashine hurudia ubavu mmoja pande zote mbili. Tofauti ya fundi na mashine huonekana hapo kuliko katika uzuri wa mistari.

Kwa hiyo matumizi ya kwanza ya haki ya mlazo mzito ni haya: jina fupi, kubwa, juu ya kitu kinachokwenda, upande ambao mlazo na safari vinakubaliana. Fulana ya mchezaji na ubavu wa mashua ni jamaa wa basi. Kanga si jamaa. Tangu ujumbe wa kanga ulipohama kutoka herufi za Kiarabu hadi za Kilatini, umechapwa kwa kawaida kwa herufi kubwa, nene, zilizo wima, chini ya mji wa nguo na ndani ya pindo. Kanga inakwenda na mvaaji, lakini nguo yenyewe hujikunja, hushuka begani na kuzunguka kiuno. Mlazo wote unaohitajika huletwa na mwili. Msemo uliochapwa umelala kwenye nguo inayolala ungesomeka kwa shida, na kanga isiyosomeka haijatuma salamu wala kijembe.

Matumizi ya pili ni madogo na ya kimya, nayo ndiyo yanayowahusu zaidi wasomi. Kichwa cha makala kimechapwa kwa herufi nene, na ndani yake mna jina la kazi ambalo kwa desturi hulazwa: tuseme kichwa kuhusu taswira za uharibifu katika Al-Inkishafi. Jina hilo haliwezi kuacha unene wa jirani zake wala haliwezi kuacha mlazo wake. Mlazo mzito ulizaliwa kwa ajili ya tatizo hili hasa. Neno moja au mawili, yamezungukwa na unene ulio wima unaoyashika yasianguke, juu ya ukurasa ambako kuna nafasi nyeupe. Hapo herufi hii ni ya adabu na haina mbadala.

Mahali inapovuka mpaka ni pale inapopewa kazi ya sauti. Kiingereza hutia mkazo kwa sauti na mpangilio wake wa maneno ni mgumu, hivyo mchapaji husaidia kwa kulilaza neno ambalo msemaji angelikazia. Kiswahili kina ndi-. Anayetaka kusema kwamba ni Ali na si mwingine husema Ali ndiye aliyeandika. Mahali ni hapo ndipo, wakati ni ndipo, sababu ndiyo. Ana hasa, ana mwenyewe, ana papo hapo na kweli kweli, ana uhuru wa kulitanguliza neno alitakalo. Mwandishi wa Kiswahili anayelaza na kunenepesha neno ili lisikike mara nyingi anatafsiri kichwani bila kujua: sentensi imekuja na mkazo wa Kiingereza, na alipokosa pa kuuweka akauweka kwenye wino. Jaribio ni rahisi. Mlazo ukiondolewa na maana ikadhoofika, sentensi iandikwe upya kwa ndi-. Mara nyingi itakuwa fupi zaidi na itasomeka hata kwa sauti, jambo ambalo mlazo hauwezi.

Kuna kosa zito kuliko hilo. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, aliweka nyota kando ya maneno aliyoyahesabu kuwa ya kigeni, na mengi yalikuwa ya asili ya Kiarabu. Mtafiti wa asili za maneno alisaidika. Lakini nyota ile ilikaa kwenye adabu na barua, na Mswahili aliyeifungua kamusi aliambiwa kwamba adabu yake ni mgeni. Mlazo wa leo unaendeleza kazi ya nyota. Abdulrazak Gurnah, baada ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, alieleza hadharani jinsi wachapishaji wanavyotaka maneno yasiyo ya Kiingereza yalazwe au yaongezewe faharasa, na jinsi anavyolikataa jambo hilo, kwa kuwa humfanya mgeni azidi kuwa mgeni. Wasomaji wengi wa Kiswahili ughaibuni walimshangilia. Wengi wao, wakiandika kwa Kiswahili, hulaza ihramu, tawafu na miqati, tena kwa unene, kana kwamba maneno hayo yameingia jana kwa meli. Ikiwa tawafu inalazwa, mbona hija hailazwi? Ikiwa hija, mbona sala na safari zimesamehewa? Hakuna mahali pa kuusimamisha mstari huo bila kumpokonya mtu lugha yake.

Vitabu vya mahujaji vina udhuru kidogo. Dua iliyoandikwa kwa matamshi ya Kilatini, ikifuatwa na tafsiri, inahitaji kutenganishwa nayo, maana moja ni ya kutamkwa na nyingine ni ya kufahamiwa. Mlazo mwembamba hutosha kwa hilo. Unene ukiongezwa, mistari minne ya dua huwa ukuta, na mzee anayeisoma akitembea katikati ya maelfu, miwani ikiwa na jasho, atapoteza mahali pake kwenye mstari wa pili. Urefu ndio adui mkubwa wa herufi hii. Zaidi ya maneno sita au saba, kile kilichokuwa hatua ya mbele huwa kelele.

Na Shumaisi si jina la kituo cha barabara peke yake. Riyadh ina mtaa wa jina hilo, na hospitali kubwa iliyomo, ambayo leo ni Jiji la Tiba la Mfalme Saud, bado huitwa na wengi kwa jina la mtaa. Karibu na Jeddah, Shumaisi ni pia jina la kituo wanakozuiliwa wahamiaji wanaongoja kurudishwa makwao, na miongoni mwa wanaopita humo wamo watu wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Watu hao husoma maandishi kwa namna nyingine kabisa: mlango wa dharura, kipimo cha dawa, tarehe ya safari, mstari wa kutia sahihi. Wengi wanayasoma katika lugha ya pili au ya tatu, na nafasi ya kuuliza mara ya pili ni ndogo. Katika karatasi za namna hiyo desturi ya kulaza onyo muhimu kuliko yote, na kulinenepesha ili lionekane muhimu, inafanya kinyume cha inachokusudia. Linaonekana, lakini halisomeki: a imefungika, l na I zimekuwa kitu kimoja, na neno usi- lililobeba katazo limejibana kando ya kitenzi. Herufi nene iliyo wima, a yenye ghorofa mbili, nafasi ya kutosha kati ya mistari, na sentensi iliyotanguliza kitenzi chake, hivyo ndivyo msomaji huyo anavyostahiki. Kama hati ina nafasi ya mlazo mzito, basi ni kwenye jina la ofisi kule juu, ambalo hakuna anayelihitaji ili apone au arudi.

Nje, katika njia kuu ya Jeddah na Makka, lipo lango lililojengwa mwaka 1979 kwa umbo la marufaa iliyofunguliwa, na mbawa zake mbili zimeinama moja huku na moja kule juu ya barabara. Mabasi hupita chini yake mchana na usiku. Ubavu wa kulia, wenye mlango, jina la Kilatini lililolazwa huinamia Makka asubuhi. Jioni basi lile lile likirudi, ubavu ule ule huinamia Jeddah.